Nilikodolea Mkwaruzo, Ufa Ukanipita

Jumapili iliyopita, tukiwa tunasubiri zamu yetu kanisani, simu ikatetemeka mfukoni. Ujumbe kutoka kwa kijana mmoja wa Mbeya. "Shikamoo kaka. Gitaa langu limefika jana kutoka nje. Lina mkwaruzo mrefu kama kidole na pembeni rangi imebanduka. Sijalala. Nilirudishe, au nimpelekee fundi rangi wa magari aufiche?"

Nikacheka, halafu kicheko kikanikauka. Ujumbe huo, mpaka hilo neno la fundi rangi, ningeweza kuuandika mimi miaka mitatu iliyopita.

Wewe unayesoma hapa najua ulikopitia. Ulianza na gitaa la kuazima la kwaya, waya ukikatika mnaunga na uzi wa breki ya baiskeli. Umekesha ukitazama picha za magitaa kwenye simu mpaka bando likaisha. Kwa hiyo siku boksi linapofika hutaki gitaa tu, unataka lile la kwenye picha.

Langu lilikuwa la rangi ya cheri, tumbo nusu wazi, na yale matundu mawili yenye umbo la herufi f. Umbo hilo Gibson walilitoa mwaka 1958 kwa jina la ES-335 na kampuni nyingi zikaliiga. Langu ni la mojawapo ya hizo. Lilikuwa limetumika, duka moja Uingereza likiliuza pauni 410. Hela hiyo niliikusanya miezi kumi na moja, harusi moja baada ya nyingine, pamoja na Ijumaa zangu za kupiga solo baa moja ya Sinza. Habari za wakala wa mizigo na kusubiri siwasimulii, mnazijua.

Nililifungua sebuleni. Mke wangu alikuwepo, jirani alikuwepo, na watoto wa jirani ambao hakuna aliyewaita. Nikainua kifuniko. Harufu ya vanishi ya zamani, nzuri mno. Nikalitoa, nikaligeuza kwenye mwanga, nikauona. Chini ya daraja, pale nyaya zinaposhikwa tumboni, mkwaruzo wa sentimita saba hivi, na karibu na tundu la kuchomekea waya rangi imemeguka, kipande kama punje ya dengu.

"Uko wapi huo mkwaruzo?" mke wangu akauliza. Nikamsogezea tochi ya simu. Akasema, "Baba, ukimulika hivyo hata mimi utanikuta na kasoro."

Sikucheka. Usiku ule nilimwandikia muuzaji na kumpelekea picha kumi na moja. Zote za mkwaruzo: wa mbali, wa karibu, wa pembeni, wenye rula.

Kesho yake akajibu kwa adabu. Akatoa pole, akasema yuko tayari kunirudishia pauni 40 kwa ajili ya mkwaruzo, ila kwanza nimtumie picha za gitaa zima: mbele, nyuma, na kichwa pande zote mbili. Akanikumbusha kwamba madai yanapokelewa ndani ya siku 14 tangu mzigo ufike kwa wakala wangu kule kule London. Nikahesabu. Safari ilikuwa imekula siku tisa. Zilibaki tano.

Hapa ndipo ningependa kurudisha mkanda nyuma. Mtu ananipa pauni 40 kwa kitu kisichogusa sauti hata chembe, na anachoomba ni picha nne. Mimi nikaona ananidharau. Nikamwandikia barua ndefu ya Kiingereza cha hasira, nikidai 150. Picha za kichwa sikutuma, maana kichwani hapakuwa na mkwaruzo.

Jumamosi, bila kusubiri jibu, nikalibeba mpaka mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa fundi rangi wa magari. Nilisifiwa kwamba anaweza kufuta alama ya bodaboda ubavuni mwa Prado usijue ilikuwa wapi. Akalitazama. "Dakika kumi tu bosi." Akachovya kitambaa kwenye tina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, apanguse vumbi kwanza.

Kitambaa kikatoka chekundu.

Vanishi za magitaa si za aina moja. Mengi ya viwandani siku hizi hupigwa poliurethani au poliesta, gumu kama plastiki, na tina haiyafanyi kitu. Lakini ya zamani mengi, na hata mapya kadhaa ya bei, yana nitroselulosi, na nitro hata ikikaa miaka hamsini ikikutana na tina inayeyuka kama siku iliyopigwa. Namna ya kujua ni kutoa tone dogo la asetoni kwa kijiti cha pamba mahali pasipoonekana, mfano ndani ya kichumba cha nyaya za umeme. Ikinata, ni nitro, weka chini kitambaa chako. Nililijua hili lini? Jumamosi ile jioni, nikisoma kwenye simu ndani ya daladala, gitaa limelala mapajani na doa la upana wa kiganja. Alama ya kidole cha fundi imeganda humo mpaka leo. Na neno lake la kunisindikiza sijalisahau: "Bosi, hili gitaa rangi yake feki."

Simlaumu. Yeye ni mtu wa mabati na puti, mimi ndiye niliyempelekea mbao.

Nyumbani nikasema angalau nilipige. Nikatuni. Waya wa tatu ukashuka. Nikapandisha, ukashuka tena, na wa nne ukafuata. Nikaligeuza niangalie zile funguo za kukazia nyaya, na kwa mara ya kwanza tangu lifike nikamulika nyuma ya shingo, pale inapokutana na kichwa. Palikuwa na mstari mwembamba kama unywele, unaofuata mishipa ya mbao. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Nikalegeza nyaya zote, mstari ukafumba. Nikakaza, ukafumbuka.

Nilikaa sakafuni. Mke wangu safari hii hakutania.

Nyaya sita zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi kilo 40. Kwenye magitaa ambayo kichwa kimelala nyuma na kimechongwa kwenye gogo moja na shingo, mishipa ya mbao hukatwa mifupi pale kwenye kona, kwa hiyo pale ndipo mahali dhaifu kuliko pote. Boksi likidondoka chali, funguo za chuma zikiwa zimekielemea kichwa, kinapasuka hata kama boksi halina alama. Ndiyo maana yule muuzaji aliomba picha za kichwa. Alijua kazi yake.

Nilimwandikia usiku huo huo, siku zikiwa hazijaisha. Akajibu kwa sentensi tatu. Kwenye picha niliyoambatisha, ya shingo kwa nyuma, doa la tina lilikuwa linachungulia pembeni. Gitaa limeshachezewa na mnunuzi, hawezi kulipokea wala kujua ufa umetokea mikononi mwa nani. Na zile pauni 40? Nazo zikaondoka. Hadi leo ninapoandika hapa uso unaniwaka moto. Si kwa sababu yake. Angekuwa amenionea ningepona mapema.

Sasa ndugu zangu, nisikilizeni. Boksi likifika, washa kamera kabla ya kukata gundi. Mkwaruzo uache, hauendi popote. Geuza gitaa. Mulika nyuma ya kichwa, mulika shina la shingo linapoingia mwilini, chungulia shingo kwa urefu kama fundi seremala anavyopima ubao. Pitisha kiganja kwenye ncha za freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Piga kila freti, kila waya. Ukiona vimistari kwenye vanishi, tofautisha: vinavyokatiza mishipa ya mbao, laini kwa ukucha, visivyocheza ukikaza nyaya, hivyo mara nyingi ni vanishi imeshtuka kwa baridi ya safari, hasa hiyo nitro. Kinachofuata mishipa na kufumbuka ukikaza ni ufa wa mbao. Hapo legeza nyaya, funga boksi, andika.

Na usiguse kitu kabla ya kukubaliana na muuzaji. Usiguse. Nimeshaandika? Naandika tena, usiguse. Siku unayopaka chochote, hata kiwi ya viatu, kesi inakuwa yako. Ukipewa punguzo la haki kwa mkwaruzo, lipokee, sema asante.

Wapo wenzangu walionifariji kwa Rory Gallagher, yule mpiga gitaa wa Ireland, ambaye gitaa lake la umeme, Stratocaster ya 1961, lilibaki karibu mbao tupu na bado mwaka 2024 likauzwa mnadani kwa zaidi ya pauni 800,000. Au Willie Nelson, mwimbaji wa kantri wa Marekani, na gitaa lake lenye tundu tumboni. Nawashukuru, lakini faraja hiyo siipendi. Ile mikwaruzo waliichuma wenyewe, kwa jasho lao, usiku kwa usiku. Wangu niliuziwa, na doa nikajinunulia. Tena kuna viwanda vinavyokwangua gitaa jipya makusudi na kuliuza ghali zaidi, sasa hapo unifariji kwa lipi?

Ufa ulizibwa na seremala wa Keko. Gundi nyeupe ya mbao, akaisukuma ndani kwa sindano ya hospitali, akabana kwa klempu, akanikataza kuligusa siku nzima. Aliniambia gundi ikiingia vizuri hapo panashika kuliko mbao yenyewe. Miaka mitatu haijafumbuka.

Ile punje ya dengu niliiziba mwenyewe kwa supagluu, baada ya kujifunzia kwenye kipande cha ubao: tone, subiri likauke, tone tena mpaka lipite juu kidogo, halafu msasa wa maji kuanzia namba 800 hadi 2000, mwisho kompaundi ya kung'arishia magari. Haionekani. Doa sijaligusa.

Miezi miwili baada ya hapo nilimuuliza mpiga besi wetu, ambaye kila Ijumaa anasimama hatua moja kutoka kwangu, anaonaje lile doa. Akauliza, doa lipi? Tunajitesa kwa macho, jamani, wakati waliolipa kiingilio wanataka wacheze. Mtu anauza kuku kununua gitaa halafu analiweka ukutani kama picha ya harusi. Lipige! Likikwaruzika mikononi mwako, hiyo ni saini yako.

Yule kijana wa Mbeya nilimjibu palepale kanisani anitumie picha tuone. Ametuma tisa. Zote za mkwaruzo. Nimemwandikia: mdogo wangu, geuza gitaa.