Kugawana faili au kushiriki faili?

Swali: Simu yangu imeandika "shiriki faili", lakini mwalimu wetu hutusahihisha tuseme "gawana faili". Lipi ni sahihi?

Jibu: Mwalimu wenu yuko karibu zaidi, ingawa neno lake nalo lina mtego. Kushiriki ni kuwa mmoja wa wanaofanya jambo: mtu hushiriki mkutano, maziko au ngoma, wala hawezi kulishiriki faili kama asivyoweza kulishiriki embe. Kilichokusudiwa hapo ni kumpelekea mwingine, na kwa hilo tunayo maneno kutuma, kupeana na kusambaza.

Shida ya kugawana ni nyingine. Watu wanne wakigawana embe, kila mmoja huondoka na kipande, na embe limekwisha. Anayekupa faili la wimbo hubaki nalo zima, na hapo ndipo biashara ya muziki iliposhikwa pabaya Napster, programu ya kupeana nyimbo mtandaoni, ilipoanza mwaka 1999, kwa sababu bei ya kanda na CD ilitegemea uadimu wa nakala, na nakala sasa zilikuwa haziadimiki tena. (Hata kupakua, neno tulilolitoa jikoni na bandarini, hudanganya: ukipakua wali, sufuria hupungua.) Kwa maana hiyo ningeandika kupeana nakala.

Hata hivyo, kugawana hukaa mahali pake barabara katika BitTorrent, mfumo uliobuniwa na Bram Cohen mwaka 2001. Humo faili hukatwa vipande, na kompyuta iliyokwisha kupokea kipande huanza kuwapa wenzake hata kabla haijapata vyote. Tuseme faili la megabaiti 700 linatakiwa na watu 1,000: mwenye seva moja, yaani kompyuta inayowahudumia wote, atalazimika kutoa megabaiti 700,000, na gharama yote ni yake, lakini kwa BitTorrent aweza kutoa nakala chache tu, nyingine wakapeana wapokeaji wenyewe. Debian na mifumo mingine ya Linux, inayoendesha kompyuta, husambazwa pia kwa njia hiyo. Wanachogawana watu hao ni mzigo wa usambazaji. Faili lenyewe kila mtu analo zima.

Na yule anayechukua kisha akafunga programu asimpe mtu? Wapo wanaotaka kumwita ruba, kwa kufuata wageni wanaomwita "leech" kwa Kiingereza. Mimi namwita mdoezi, kwani huyo twamjua tangu zamani: hakosi shughuli yoyote, na hajawahi kuchangia hata chumvi.