Jaji akimtaja Mungu kwenye hukumu, hiyo ni sheria?

SWALI: Shikamoo wakili, nasoma sheria hapa UDOM. Juzi kwenye mdahalo mmoja kasema ubaguzi wa rangi Marekani uliangushwa na Biblia, mwingine akasema Biblia hiyohiyo ndo ilitumika kubagua. Nani yuko sahihi, afu mstari unaweza kuamua kesi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Wote wana nusu ya hoja. Soma kesi ya Loving dhidi ya Virginia: Richard mzungu, Mildred mweusi, wamefunga ndoa Washington 1958, kurudi kwao Virginia, jimbo lililokataza ndoa ya mzungu na mweusi, wakakamatwa, 1959 wakapigwa mwaka mmoja jela, adhabu ikasimamishwa kwa sharti wahame jimbo wasirudi pamoja miaka 25. Walipoomba ifutwe, mwaka 1965 jaji Leon Bazile akagoma, akaandika kabisa kwamba Mungu aliumba watu wa rangi tofauti akawaweka mabara tofauti, kwa hiyo hakutaka wachanganyike. Hapo mstari hakuutaja! Wenye fikra zake walipenda mwisho wa Matendo 17:26, "mipaka ya makazi yao", wakati wapinga utumwa walishika mwanzo wa mstari uleule, kila taifa katoka katika mmoja. Na ile laana ya Hamu, yaani dai kwamba weusi ni uzao wa Hamu mwana wa Nuhu uliolaaniwa, fungua Mwanzo 9:25, anayelaaniwa ni Kanaani, rangi haipo kabisa (mimi nikiwa mdogo Mpwapwa niliisikia ikihubiriwa kanisani na sisi weusi wenyewe tunaitikia amina, basi tu).

Sasa tarehe 12 Juni 1967 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaitengua hukumu, ila jaji mkuu Earl Warren hakumjibu Bazile kwa mstari mwingine, alimnukuu tu afu akaenda zake kwenye Marekebisho ya 14 ya katiba, usawa mbele ya sheria, kwisha. Martin Luther King, mpigania haki za weusi, naye alipowataja Shadraka, Meshaki na Abednego, wale wa kwenye Biblia waliogomea amri ya mfalme, akiwa mahabusu Birmingham 1963 alikuwa anawaandikia wachungaji, sio jaji, na hiyo tofauti wanafunzi wengi wanairuka.

Kwa hiyo hapa kwetu anza na ibara ya 13(5) ya Katiba, rangi imetajwa humo kwa jina, Biblia ije baadae kama unataka kueleza watu walisukumwa na nini. Wanaodai fidia ya utumwa wana Kumbukumbu la Torati 15:13, mtumwa ukimwacha huru usimwache aende mikono mitupu, mstari mtamu kweli, ila upeleke mahakamani uone jaji atakavyokuuliza, "wakili, hicho ni kifungu cha sheria ipi?"