Mchanga si wa kubeba: maswali yenu ya ufukweni

Nimenunua ubao wa kuteleza juu ya mawimbi. Ufukwe gani hapa Mwanza unafaa? (Nyegezi)

Hakuna. Wimbi la bahari hutoka mbali, likifika pwani limeshajipanga. La ziwani huzaliwa na upepo wa hapahapa: fupi, wima, na jingine linalifuata kabla hujasimama. Ulalie tu ubao wako ziwa likiwa shwari, jaketi la kuokolea limefungwa mikanda yote. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu kwenda ziwani, toka majini mara moja.

Nikioga dakika tano naweza kupata kichocho? (Igoma)

Swali hili tena! Ndiyo. Vijidudu kutoka kwa konokono hupenya ngozi ndani ya dakika chache, na jua la mchana ndipo wanapotoka kwa wingi. Epuka penye matete na maji yaliyotulia. Taulo halikuokoi. Wala msikimbilie kumeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, siku ileile: haiui minyoo michanga. Kapime baada ya wiki sita hadi nane, mhudumu akupime na uzito, maana dozi hufuata kilo.

Naweza kuokota kijiwe cha ukumbusho kisiwani Saanane?

Ile ni hifadhi ya taifa. Piga picha.

Kuchota viroba viwili vya mchanga wa ufukweni kuna ubaya gani? (Ilemela)

Kila mmoja ana viroba vyake viwili. Mkichimba mnakata mizizi ya nyasi na matete inayoshika ukingo. Tazameni palipochotwa, mizizi inaning'inia hewani na chini yake pana pango. Ziwa likichafuka, ukingo unaporomoka na mti wake. Sheria ya Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa maji, na hiyo inawahusu pia wenye baa wanaomwaga zege hadi majini. Halafu mchanga huo umejaa makombe na tope, plasta yake hubanduka. Nunueni penye kibali.

Tunakwenda Lamu. Vilima vya mchanga vya Shela tunaweza kupanda na pikipiki?

Hapana! Mvua huchujwa na vilima vile, na maji ya visima vya Lamu hutoka humo. Tairi likiua majani, upepo unafungua pengo na mchanga unahama. Tembeeni maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu uliolowa, na mjue saa ya kujaa kabla hamjaenda mbali. Maji ya kunywa bebeni, kivuli hakuna.