Maswali na Majibu: Reli na Miji Iliyozaliwa Kando Yake

Serikali ilikuwa Machakos kabla ya Nairobi. Kwa nini reli haikupita huko?

Wapimaji walifuata mwinuko wa ardhi, hawakufuata boma. Machakos imezungukwa na vilima. Reli ya Uganda, iliyoanzia Mombasa, ikakata nyanda za Athi na kufika Nairobi, maili 327 kutoka Mombasa, mwishoni mwa Mei 1899. Hapo palikuwa na maji ya mto, na ndipo tambarare inapoishia kabla ya kuanza kupanda kuelekea Limuru na Bonde la Ufa. Injini ya mvuke inakunywa maji mengi, na kabla ya mlima treni huhitaji kupangwa upya: mabehewa yapunguzwe au injini ya pili ifungwe. Kazi hiyo inataka njia nyingi sambamba kwenye ardhi iliyolala, pamoja na karakana. Mwaka huohuo makao ya mkoa yakahamishwa kutoka Machakos.

Kilichoifaa injini hakikuwafaa watu. Udongo mweusi wa pale ukilowa hauachii maji, mitaro hujaa. Mwaka 1902 tauni ilizuka katika soko la Wahindi, nalo likachomwa moto.

Ujiji ni mji mkongwe kando ya Ziwa Tanganyika. Ilikuwaje Kigoma ikaupita?

Kina cha maji. Ufuo wa Ujiji ni wa kina kifupi na unajaa mchanga; ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na mawimbi. Reli ya Kati iliyoanzia Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Mzigo ukahamia kwenye gati, wafanyabiashara wakaufuata. Mpwapwa nayo iliachwa kando: njia ilipita kusini yake, Gulwe.

Je, ardhi ya kando ya reli ilikuwa tupu?

Hapana, na wanaosema hivyo wanapotosha. Kwa mkataba wa 1904 Wamaasai waliondolewa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, ilimopita Reli ya Uganda, ili walowezi wapewe. Sehemu yao walipelekwa Laikipia, kisha miaka michache baadaye wakaondolewa huko pia.

Nitajuaje kama mji wetu ulizaliwa na reli?

Anzia stesheni. Tembea hadi kwenye maduka ya zamani zaidi na uangalie milango imeelekea wapi. Ikielekea stesheni au barabara inayotoka humo, hiyo ni dalili nzuri. Tafuta tangi la maji lililoinuliwa juu ya nguzo, na safu za nyumba za wafanyakazi. Angalia na majina: Landi Mawe ya Nairobi inatokana na landi, nyumba za wafanyakazi wa reli. Mwisho linganisha miaka. Boma, misheni au soko likitangulia stesheni, reli iliukuta mji tayari, kama Mwanza, ambayo treni iliifikia mwaka 1928.