Profesa kaniambia niandike mwenyewe

SWALI: Shikamoo Bi Katibu. Nilimaliza digrii ya kwanza mwaka 2022 kwa GPA ya 3.9, sasa naomba kusoma uzamili Uingereza na wanataka barua mbili za mapendekezo. Profesa aliyenisimamia utafiti wangu wa chumvi kwenye visima vya Mbagala nilimwandikia WhatsApp, akajibu: "Andika mwenyewe, niletee nisaini." Nifanyeje? Na nikienda, nimbebee chochote?
Mhitimu, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu. Kauli hiyo nimeisikia sana enzi zangu za kukaa nje ya ofisi ya mkuu wa idara, nikilinda muhuri. Mara nyingi si dharau. Mtu ana rundo la mitihani hajasahihisha, na jina tupu kwenye simu halimletei sura yako.

Lakini usiandike. Barua za kujiandikia nilikuwa nazijua kabla sijafika mstari wa tatu: "mchapakazi, mwaminifu, mwenye nidhamu." Hizo ni sifa za kumtafutia mtu kazi ya kulinda geti. Isitoshe, vyuo vingi vya Uingereza humtumia mdhamini kiungo kwenye barua pepe yake, akapakia barua mwenyewe bila wewe kuiona. Kwenye fomu jaza anuani yake ya chuo, ile inayoishia na .ac.tz, halafu mwombe aangalie na kwenye spamu.

Mjibu kwa barua pepe, maana huko viambatisho havipotei: "Shikamoo Profesa. Ni mimi fulani, ulinisimamia utafiti wa visima vya Mbagala mwaka 2022. Wanataka barua iwe ya mwalimu mwenyewe, kwa hiyo nimekuandalia kumbukumbu za kukurahisishia. Kama muda hauruhusu, nitaelewa."

Sentensi ya mwisho usiifute. Aliyeshurutishwa huandika "namfahamu kama mwanafunzi wa idara yetu", anaweka nukta, na safari yako imeishia hapo.

Kumbukumbu zenyewe ziwe ukurasa mmoja. Taja alama uliyopata kwenye somo lake, sura ya utafiti aliyoisifu, na hata ile aliyokurudishia uiandike upya. Walimu hukumbuka zaidi waliyogombana nayo. Sema ulikwenda mwenyewe kuchota sampuli, kama ulikwenda kweli. Ambatisha transkripti, wasifu, maelezo ya kozi na tarehe ya mwisho. Mpe mwezi mzima, mkumbushe wiki moja kabla. WhatsApp itumie hapo, mchana, siyo Jumapili usiku.

Akikaa kimya, nenda ofisini saa za kuonana na wanafunzi. Mara nyingi zimebandikwa mlangoni. Kumvizia kwenye maegesho, hapana. Barua ya pili mwombe hata mhadhiri asiye profesa, mradi anakujua. Wengi mnakimbilia vyeo, mnaishia na barua nyepesi yenye jina zito.

Kuhusu kubeba kitu: usibebe. Bahasha ni rushwa, na kitenge kabla ya barua nacho kinaelekea hukohuko. Majibu yakitoka, umepata au umekosa, mwambie. Vijana niliowagongea muhuri walikuwa wakipotea mpaka watakapohitaji barua nyingine. Ukishapata, peleka korosho zako za Mtwara, sitakugombeza.