Kule Hakuna Daladala Nyingine

Mhariri, swali lenu la wiki liliuliza hivi: ungepewa nafasi ya kuchagua, ungeishi wapi, taifa dogo la visiwa lililo mbali baharini, au nchi kubwa ya bara? Nililisoma nikiwa nimesimama kituoni Mbagala Rangi Tatu, nikacheka peke yangu mpaka dada mmoja akasogea pembeni. Mimi nimeishi Mahé, kisiwa kikuu cha Shelisheli, kuanzia Januari 2014 hadi mwisho wa 2017, nikifundisha hesabu katika shule moja ya sekondari ambayo sitaitaja. Jibu langu ni bara. Nilikusudia kuandika neno hilo moja na kulituma, basi. Ila kila nikitaka kutaja sababu, sababu inayokuja kwanza ni basi la asubuhi la Sans Souci, na hiyo haielezeki kwa neno moja.

Mambo ya takwimu niyamalize haraka. Shelisheli ina visiwa 115, lakini ukivikusanya vyote unapata kama kilomita za mraba 455. Unguja peke yake ni zaidi ya mara tatu ya hapo. Watu wa taifa zima hawafiki laki moja na nusu. Dar es Salaam, kwa sensa ya 2022, ina watu 5,383,728. Hata hivyo bahari wanayoimiliki inazidi kilomita za mraba milioni 1.3, kubwa kuliko Tanzania yote, kwa hiyo udogo wao unategemea unapima nini. Shule ni bure, matibabu ni bure, na ugonjwa ukiwashinda madaktari wao mgonjwa hupelekwa nje kwa gharama ya serikali. Vitu dukani ni ghali, maana vingi vinakuja kwa meli. Kitunguu kikichelewa, nchi nzima inazungumzia kitunguu.

Umbali nao ni wa kweli. Waingereza walipotaka mtu asionekane tena walimpeleka huko. Kabaka Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro walikamatwa 1899 wakapelekwa Shelisheli, na Mwanga alifia hukohuko 1903. Prempeh, mfalme wa Asante, Ghana ya leo, alikaa huko kuanzia 1900 hadi 1924. Hata Sayyid Khalid bin Barghash, yule wa vita vya dakika chache vya Unguja mwaka 1896, alipokamatwa mwaka 1916 naye alionjeshwa visiwa hivyo. Mimi ni mwalimu wa hesabu, historia naiokota njiani, lakini nilipoyajua haya nilielewa kwa nini wiki ya kwanza nilijihisi nimefungwa mahali pazuri.

Sasa basi lenyewe. Nilipanga chumba kando ya barabara ya Sans Souci, ile inayopanda mlima kutoka Victoria, mji mkuu, na kushukia Port Glaud upande wa pili. Barabara ni nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja jabali, upande mwingine miti na hewa tupu. Basi langu la kwenda shule lilikuwa moja, saa moja kasoro asubuhi, na dereva alikuwa mmoja. Konda hakuna. Dereva ndiye anayepokea nauli, anakata tiketi, anaendesha, anasalimia kila anayepanda na kuuliza hali ya mama yake.

Mwezi wa tatu, siku moja baada ya mshahara, nilipanda na noti ya rupia 500. Nauli ilikuwa ya sarafu. Dereva akaitazama noti yangu kama nimemkabidhi jani la mpapai. Akaanza kusema Kikrioli, lugha yao, kirefu, nami nikaambulia neno moja tu, *larzan*, pesa. Abiria wakacheka. Nikapandwa na hasira za mtu ambaye hajui anachekwa kwa lipi. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya Kariakoo: "Punda kasoro mkia wewe! Chenji huna, nyumbani umetoka kufanya nini?" Nikapita kwenda kukaa. Akaniacha nikae bila kulipa, jambo ambalo lingetosha kunitia aibu kama ningekuwa na akili asubuhi ile.

Nilijisikia raha kweli. Mgeni anadhani lugha yake ni chumba chenye kufuli, akiingia humo anaweza kusema lolote. Nilipaswa kujua. Washelisheli wengi walivuka kuja Afrika Mashariki kutafuta kazi enzi za Mwingereza, na baada ya mapinduzi ya 1977 wanajeshi wetu walikaa kule, kwa hiyo wapo wazee wanaokumbuka walau Kiswahili cha amri. Sikuwaza hayo. Nilikuwa natazama miti nje, nimeridhika, mara nyuma yangu mtu akakohoa. Alikuwa bibi mwenye kofia ya ukili, kapu mapajani. Akaniinamia sikioni.

"Mwanangu, hilo tusi sijalisikia tangu niondoke Mombasa."

Kiswahili chake kilikuwa cha zamani kidogo lakini hakikupungua kitu. Baba yake alikuwa fundi seremala Mombasa, yeye alikulia huko kwa mahamri na mbaazi, wakarudi kabla Kenya haijapata uhuru. Haya aliniambia baadaye. Pale kwenye basi mimi nilisema kitu kimoja tu ambacho mtoto wa Tanga angeweza kusema: "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanyamaza kona mbili nzima. Kisha: "Huyo unayemwita punda ni mtoto wa dada yangu."

Hakumwambia dereva siku ile, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yenyewe. Alisubiri chakula cha Jumapili cha ukoo, akalitoa mezani likiwa bado la moto. Nimejua hivyo kwa sababu Jumatatu nilipopanda, dereva alinyoosha mkono kupokea sarafu zangu, akatabasamu, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha mwisho: "Bonzour, Msye Punda."

Ndani ya basi hilo walikuwamo wanafunzi wangu saba. Kufikia Jumatano nilikuwa Msye Punda shule nzima. Mvulana mmoja akanyoosha mkono katikati ya milinganyo akauliza neno hilo lina maana gani. Nikamwambia ni mnyama anayebeba mizigo mizito bila kulalamika. Akaandika kwenye daftari.

Hebu fikirieni ningekuwa Dar. Mimi nimetukanana na makonda wangapi maishani mwangu? Nashuka Mtongani, nanunua maji, nimeshamsahau, naye ameshanisahau, ana abiria wengine wa kugombana nao mpaka usiku. Daladala nyingine inakuja. Kule daladala nyingine hakuna. Jumamosi niliingia soko la Victoria kununua samaki, dereva yuko mbele yangu kwenye foleni. Nilienda kliniki na mafua, yupo na mtoto. Kikao cha wazazi, akaja na sare yake ya kazi: binti yake alikuwa kwangu darasa la pili la sekondari, mstari wa tatu, hodari wa aljebra kuliko wote, na mimi nilikuwa nimemsifia wiki nzima bila kujua ni wa nani. Nikawaza kuhamia Praslin, kisiwa cha jirani. Mwalimu mwenzangu, mwenyeji, akaniambia kwa upole kwamba shemeji yake dereva anafanya kazi gatini Praslin, pale boti inapofunga.

Wiki sita. Mwishowe nikamwendea bibi nikamuuliza nimwombe vipi radhi. Akasema, "Usimpelekee maneno, maneno yako kashayasikia. Mpelekee chenji." Nikaanza kukusanya sarafu ndani ya kopo la kahawa. Kila duka nililoingia niliomba nirudishiwe sarafu, mpaka wauzaji nao wakajua kwa nini, maana kule kila mtu anajua kwa nini. Kopo lilipojaa nikapanda nalo asubuhi nikaliweka mbele ya dereva. Akazima injini. Akazimwaga sarafu zote kwenye kibao cha tiketi akazihesabu moja moja, abiria wanangoja, wengine wanamsaidia kuhesabu, mzee mmoja akakosea ikabidi kuanza upya. Zilikuwa rupia 385. Akatoa noti mfukoni akanilipa rupia 385 kamili, akakata nauli yangu ya siku hiyo, na nauli ya ile siku ya noti ya 500. Akawasha injini. Nilichelewa kipindi cha kwanza, na mkuu wa shule hakuniuliza sababu, alishaijua.

Naona nimekula nafasi yote na basi. Lakini mtanisamehe, kwa sababu mliuliza mtu angependa kuishi wapi, na mimi nadhani swali ni jingine: ni wapi mtu anaweza kukosea? Bara unakosea, unasogea. Najua msomaji wa uswahilini ataniambia mtaani kwetu pia watu wanajuana. Wanajuana, ndiyo, lakini mtaa ukikuchoka unahama. Chanika ipo, Kibaha ipo, Mwanza ipo. Unafika umebeba godoro na jina ulilojichagulia mwenyewe.

Na hapa niwe mkweli, maana nilianza kuandika nikicheka. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake alikamatwa na heroini, janga linalokisumbua sana kisiwa kile. Mtoto hakuwa na kosa lolote, lakini kila mlango alioufungua habari za baba yake zilikuwa zimeshatangulia kuketi. Mimi Msye Punda nilikuwa na mkataba na tiketi ya kurudi. Yeye alikuwa na Mahé. Nikimkumbuka, nasema bara, tena bila kusita.

Halafu kuna la mama. Mwaka 2016, Ijumaa asubuhi, nilipigiwa simu kwamba mama amefariki Tanga. Sisi hatulazi maiti bila sababu. Ndege ya kunifikisha Nairobi siku hiyo haikuwapo. Mama alizikwa saa kumi alasiri, na kwangu ilikuwa saa kumi na moja, kwa sababu saa za kule ziko moja mbele, nami nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za nyumba natazama saa yangu ya mkononi ikionyesha muda ambao Tanga haujafika. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema hiyo ndiyo sababu yangu. Mahali ambapo huwezi kumzika mama yako unapaitaje nyumbani?

Lakini nikiiandika naona inalegea mkononi. Mwaka 2019 nilikuwa hapahapa Dar shangazi yangu alipofariki, Tanga hiyohiyo, safari ya saa chache kwa barabara. Foleni ya kutoka mjini ilinila, basi likaharibika njiani, nikafika udongo umeshafukiwa. Na jioni ile ya ngazi, kabla giza halijaingia, bibi wa kofia alifika kwa miguu akakaa kando yangu akasema "pole" ya Kiswahili, ambayo Kikrioli hakina yake inayofanana. Dereva alipomaliza zamu alikuja na sare, amebeba matunda matatu ya lile tunda ambalo wao huliita *friyapen* na sisi, kwa jina la nchi yao, tunaliita shelisheli. Akawasha moto nje akayachoma mazimamazima. Hakuwa na maneno ya kunipa, nami sikuwa nayo. Tuliganda pale, sisi watatu na moshi. Kwao husemwa kwamba anayekula tunda hilo akiwa kisiwani lazima atarudi. Nilikula mengi. Sijarudi.

Hapa Mbagala nimekaa miaka sasa, na konda wa gari ninalopanda kila siku hajui jina langu. Hilo nalihesabu kuwa faida, au ndivyo nilivyokuwa nikihesabu mpaka aya iliyopita. Juzi alikataa kunirudishia chenji yangu ya mia mbili. Nilifungua mdomo kabisa, tusi limeshafika kwenye meno, nikajikuta nageuka kwanza kuangalia aliyekaa nyuma. Alikuwa kijana amelala.

Basi mkihesabu majibu, langu liwekeni upande wa bara. Mke wangu hapendi bahari, watoto wako shuleni, na maisha ya mkataba si maisha ya mwenyeji, kwa hiyo yote niliyosema yapunguzeni kiasi mnachoona kinafaa. Ila mliandike kwa penseli.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam