Fundi Anajibu: Pete ya uchumba na jiwe lenye pembe

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu mawe ambayo si duara: pembe sita, losanji (pembe nne za pande sawa, ncha mbili zimechongoka), tiara (kama ile ya kurushwa angani), ngao. Tumechagua tano.

Jambo wahariri. Mchumba wangu hataki jiwe la duara kama la kila mtu. Kwenye simu amenionyesha almasi za pembe sita, za losanji, na nyingine za umbo la tiara, ncha moja imechongoka kabisa. Yeye ni muuguzi, mikono haipumziki. Lipi litadumu?
*Msomaji, Kampemba, Lubumbashi*

Ndugu, chukua pembe sita, na lifungwe kwa ukingo wa zahabu unaolizunguka lote.

Sababu iko kwenye ncha. Pembe sita iliyo sawa ina nyuzi 120 kila pembe, kwa hiyo pembe ni butu na nyuma yake kuna jiwe la kutosha kuibeba. Losanji ina pembe mbili kali, nayo tiara ina moja ndefu, kali kuliko zote, ambayo ndiyo itakayogonga mlango, kitanda cha chuma na droo ya dawa. Watu hutuambia: lakini almasi ni 10 kwenye kipimo cha Mohs, itavunjikaje? Kipimo hicho kinapima kukwaruzwa tu. Ndani ya almasi kuna mielekeo minne ambayo hupasuka kirahisi, kama kuni kavu kwenye mshipa wake, na pigo dogo kwenye ncha nyembamba linatosha kung'oa kipande.

Halafu tazama kiuno cha jiwe, yaani ule ukingo ambapo sehemu ya juu inakutana na tumbo. Baadhi ya wakataji hukikonda ili jiwe lionekane pana kwa uzito mdogo. Ukilitazama kwa ubavu na kiuno kinaonekana kama makali ya wembe, rudisha.

Kuhusu kufunga: kucha (vijino vya chuma vinavyoshika jiwe) za kawaida za duara zikishika katikati ya pande, pembe zote zinabaki uchi. Kwenye picha inapendeza, kwenye mkono wa muuguzi hapana. Kama mnataka kucha, ziwe za umbo la V, moja kwa kila pembe, maana yake sita. Lakini kucha hurarua glavu, ndiyo maana tunasisitiza ukingo mzima. Ukuta wa karibu nusu milimita wa zahabu ya njano ya karati 18 (mhuri wake ni 750) unatosha, na hulainika vizuri chini ya chombo. Zahabu nyeupe ni kaidi zaidi, inamlazimu fundi asukume kwa nguvu, na hapo ndipo mawe mengi yenye pembe huvunjika, mezani kwa fundi, kabla pete haijavaliwa hata siku moja.

Mwambie fundi achimbe kidogo ndani ya kitako, yaani mahali jiwe linapokaa, chini ya kila pembe, ili ncha isiguse chuma. Ikigusa, shinikizo lote linaishia hapo. Aanze kukunja zahabu kwenye pembe, kisha ndiyo aende kwenye pande. Akianza na pande, chuma cha ziada hukimbilia kwenye pembe na kujikusanya huko, hakikunjiki tena. Fundi asiyetaka kuulizwa mambo haya, mwachie kazi ya pete za duara.

Jiwe linunuliwe kwanza, pete itengenezwe baadaye kwa vipimo vyake. Usinunue pete tupu ukitumaini kupata jiwe litakaloingia. Na nunua kwa milimita, usitazame karati, yaani uzito wa jiwe, peke yake. Pembe sita yenye milimita 6.5 kutoka upande hadi upande ina milimita 7.5 kutoka pembe hadi pembe, na muuzaji atakutajia ile namba kubwa. Pima jozi zote tatu za pande kwa kalipa. Zikitofautiana kwa 0.3, jicho litaona kwamba jiwe limepinda, hasa likizungukwa na ukingo ulionyooka.

Bajeti ikibana, fikiria yakuti samawi. Ugumu wake ni 9 na haina ile mielekeo ya kupasuka ya almasi. Kwa pembe kali ni rafiki zaidi. Na kwa muuguzi, jambo la mwisho: maji ya Javel. Klorini hula chuma kilichochanganywa na zahabu, hasa kwenye zahabu nyeupe, ikaacha nyufa zisizoonekana. Pete ivuliwe kabla ya kusafisha vyombo.

Salamu. Mjomba amenipa turmalini ya kijani kutoka Numbi, kule Kalehe. Haijakatwa, ni ndefu kama kipande cha kalamu, gramu 4. Mchumba wangu na mimi tungependa itoke jiwe la pembe sita. Inawezekana?
*Dada msomaji, Bukavu*

Inawezekana, ila fikirieni pembe sita iliyorefushwa, si ile iliyo sawa pande zote. Turmalini hukua kama fimbo. Ukikata pembe sita ya kawaida unatupa urefu, na urefu ndio mali yenu.

Kabla ya yote, ishike mbele ya mwanga uitazame kupitia ncha yake, kwa urefu. Turmalini nyingi za kijani zikitazamwa hivyo ni nyeusi au karibu nyeusi. Zikitazamwa kwa ubavu ndipo rangi inafunguka. Kwa hiyo uso wa juu wa jiwe lazima ulale sambamba na urefu wa fimbo. Mkataji akikosea hapo, mtapata jiwe zuri kwa umbo na jeusi kama lami kwa rangi.

Gramu 4 ni karati 20. Msitarajie 20. Jiwe safi huacha robo hadi theluthi ya uzito wake, tuseme 5 au 6, na likiwa na nyufa ni chini ya hapo. Jiwe la milimita 10 kwa 6 lina uzito wa karati 1.5 hadi 2 hivi, basi fimbo yenu inaweza kuzaa mawili, pengine matatu. Mkataji atashawishika kuliacha tumbo liwe bapa ili uzito ubaki mkubwa. Kataeni. Tumbo la turmalini likiwa na mteremko wa chini ya nyuzi 38, mwanga unatoroka kwa nyuma na katikati ya jiwe panabaki kama dirisha. Njia ya kujua: lilazeni jiwe juu ya gazeti. Herufi zikisomeka kupitia katikati, dirisha lipo. Mawe ya pembe yana uso wa juu mpana, hivyo kasoro hii haijifichi kama kwenye duara.

Turmalini ni 7 hadi 7.5 tu, na vumbi la barabara lina mchanga wa ugumu wa 7. Ukingo mzima tena, tafadhali, na jiwe likae chini. Pete ikihitaji kulehemiwa siku za mbele, jiwe litolewe kwanza, kwa sababu moto hulipasua. Kuosha ni maji ya vuguvugu, sabuni na brashi laini. Mashine za mtetemo za bijuteri, hapana.

Mkiamua kulipeleka nje ya nchi likakatwe huko, pitieni kwanza ofisi ya CEEC, ndiyo inayokagua na kutoa vyeti vya mawe ya thamani nchini kwetu.

Kwa nini tununue almasi wakati Katanga tuna malakiti? Nataka pembe sita ya malakiti.
*Msomaji, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Kwa kidani au hereni, ndiyo, kwa moyo wote. Hakuna kijani kinachoshinda mistari ile. Kwa pete ya kila siku, hapana. Malakiti ni 3.5 hadi 4: kisu huikwaruza. Ni kaboneti ya shaba, kwa hiyo ndimu, siki na hata jasho huiondolea mng'ao. Kama moyo umekataa kusikia, agiza kipande cha unene wa milimita 2 kilichofunikwa kwa kwazi angavu juu, gundi katikati, ukingo pande zote, na pete isiingie majini. Mkataji aikate kwenye maji, maana vumbi lake ni sumu.

Muuzaji ananionyesha almasi ya pembe sita iliyokatwa tayari. Ana cheti cha Kimberley na kimashine kinacholia kikigusa jiwe. Nimwamini?
*Msomaji, Goma*

Kaka, vitu hivyo viwili havithibitishi chochote hapa. Mpango wa Kimberley, ulioanza 2003, unahusu almasi ghafi zinazovuka mipaka kwa vifurushi. Jiwe lililokatwa halina cheti chake. Nacho kimashine, kama ni kile cha joto, kinalia kwa moisaniti pia, jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi.

Bahati yako ni umbo. Mawe ya pembe sita mara nyingi hukatwa kwa ngazi, yenye nyuso ndefu na mistari michache, hivyo ni rahisi kusoma ndani. Chukua lenzi ya kukuza mara 10, liinamishe jiwe, utazame mistari ya tumbo kupitia uso wa pembeni. Ikionekana miwili miwili, ni moisaniti. Ikiwa ni moja moja, inaweza kuwa almasi au zirkonia, jiwe jingine la kuiga almasi. Zirkonia ni nzito zaidi, karibu mara 1.6 ya almasi ya ukubwa uleule. Almasi iliyotengenezwa maabara huwezi kuitambua kwa lenzi, inahitaji mitambo. Dai ripoti ya maabara yenye namba iliyochongwa kwa leza kiunoni, na usome namba hiyo mwenyewe. Ikiwa ripoti ni ya GIA, maabara ya Marekani ya kupima mawe, usishtuke kukosa daraja la jumla la ukataji: wao hulitoa kwa duara tu.

Wala moisaniti si aibu. Ugumu wake ni 9.25 na bei iko chini sana. Aibu ni kuuziwa kwa bei ya almasi.

Pete ya ndoa itakaaje pembeni ya jiwe la tiara? Na kidole nipime lini?
*Msomaji, Katuba, Lubumbashi*

Pete iliyonyooka itagongana na ncha, isipokuwa kitako kimeinuliwa, nacho kikiinuliwa sana jiwe linanasa nguoni. Agiza zote mbili kwa fundi mmoja, ya ndoa ipindwe kwa umbo la V kufuata tiara, na uache nafasi ya unene wa karatasi zisisagane.

Kidole pima jioni, si asubuhi ya baridi ya Juni. Mzunguko wa ndani wa milimita 54 ni namba 54, sawa na kipenyo cha 17.2. Pete zenye upana wa kupita milimita 6 hubana, ongeza namba moja. Na ujue mapema kwamba pete yenye ukingo wa pembe haipanuliwi ovyo: ukipinda chuma karibu na kitako, pembe ndizo zinazolegea kwanza.